Je, Ahadi ni Deni? Istilahi za Dhima za Makampuni na Lugha ya Mapatano ya Mombasa

1. Utangulizi

Mwishoni mwa mwaka 2018 na katika miezi iliyofuatia, sentensi moja fupi ilienea Kenya nzima: bandari ya Mombasa imewekwa rehani. Ilisemwa mabarazani, ikaandikwa magazetini, ikajadiliwa Bungeni. Serikali ilikana. Wanasheria walibishana juu ya vifungu vya mkataba, na wahasibu wakabishana juu ya namna ya kuvionyesha vifungu hivyo katika hesabu. Ilhali ugomvi wote ulisimama juu ya neno moja la Kiswahili, wataalamu wa lugha walikaa kando kana kwamba jambo hilo haliwahusu.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba lawahusu sana. Tutaeleza kwanza jinsi kampuni inavyotakiwa kutangaza mambo yanayoifunga: yale inayodaiwa, yale iliyoyaahidi, na yale ambayo huenda ikadaiwa iwapo jambo fulani litatokea. Kisha tutayatazama maneno ambayo wenyeji wa Mji wa Kale wa Mombasa wameyatumia kwa mambo hayo katika biashara na katika sheria. Hoja yetu ni kwamba Kiswahili kimekwisha kuyatenga mambo hayo, si kwa msamiati peke yake bali hata kwa sarufi yake, na kwamba mfasiri anayeyachanganya humnyima msomaji haki ya kujua ni nini hasa kilichoahidiwa kwa jina lake.

2. Mambo manne katika hesabu za kampuni

Tuanze kwa mfano wa kubuni. Tuchukue kampuni ya uchukuzi yenye ofisi kisiwani Mombasa, ambayo mwaka wake wa hesabu huisha tarehe 31 Desemba. Siku hiyo mambo manne ni kweli juu yake. Kwanza, imekwisha kutia mafuta katika malori yake na bado haijamlipa muuzaji. Pili, imetia saini mkataba wa kununua malori matano yatakayoletwa mwezi wa Machi. Tatu, mwenye nyumba mmoja ameishtaki akidai kwamba lori lake lilibomoa ukuta, nayo kampuni yakana. Nne, imemdhamini mshirika wake katika benki, hata mshirika akishindwa kulipa mkopo, benki itaigeukia kampuni.

Mtu asiyejua uhasibu aweza kudhani kwamba mambo yote manne ni madeni. Mhasibu hawezi kusema hivyo. La kwanza ni deni: kitu kimekwisha kupokelewa, kiasi chajulikana, na kampuni haina njia ya kukwepa kulipa. Huingia katika mizania yenyewe pamoja na tarakimu yake. La pili si deni bado, maana malori hayajaja na muuzaji hajatimiza upande wake. Lakini si jambo la kufichwa, kwa kuwa fedha za mwaka ujao zimekwisha kufungwa. Kwa hiyo hutajwa katika maelezo yanayofuata mizania. La tatu na la nne hutegemea tukio ambalo halijatokea na ambalo kampuni haina mamlaka kamili juu yake: hukumu ya mahakama, au kushindwa kwa mshirika. Hayo nayo, kwa kawaida, hukaa katika maelezo.

Kanuni inayoongoza kazi hii katika nchi nyingi, Kenya ikiwamo, ni Kanuni ya Kimataifa ya Uhasibu namba 37, iliyotolewa mwaka 1998. Kenya ilianza kuzifuata kanuni za kimataifa mwaka 1999. Kanuni ya 37 huweka ngazi tatu. Ikiwa yaelekea zaidi kwamba malipo yatatakiwa kuliko kwamba hayatatakiwa, na kiasi chaweza kukisiwa kwa njia ya kuaminika, basi kampuni haina budi kukiandika kiasi hicho katika mizania, hata kama tarehe au tarakimu kamili haijulikani. Ikiwa malipo yawezekana lakini hayaelekei, au hayawezi kukisiwa, jambo hutajwa katika maelezo bila kuingia katika mizania. Na ikiwa uwezekano wa kulipa ni mdogo mno, si lazima litajwe.

Yafaa ikumbukwe kwamba ngazi hizo si za kudumu. Kesi ya ukuta yaweza kuanza mwaka huu kama jambo la maelezo tu, na mwakani, mawakili wakisha kuona ushahidi, ikapanda na kuwa tarakimu katika mizania. Hata ahadi ya kununua malori yaweza kubadilika. Iwapo mkataba utaonekana kuwa wa hasara tupu, yaani gharama zisizoepukika za kuutimiza zimezidi faida itakayopatikana, hasara hiyo huandikwa mara moja. Kwa lugha nyepesi, ahadi imegeuka deni kabla ya siku yake.

3. Methali na mhasibu

Hapo ndipo tunapokutana na methali maarufu isemayo kwamba ahadi ni deni. Kwa mtazamo wa kwanza, mhasibu na wahenga wanapingana. Wahenga wamesawazisha mambo mawili ambayo mhasibu hulipwa ili ayatenge.

Lakini tukiichunguza methali tunaona kwamba haisemi kuwa ahadi na deni ni kitu kimoja. Lau vingekuwa kimoja, kusingekuwa na haja ya kusema. Hakuna methali isemayo kwamba deni ni deni. Nguvu ya usemi huu yatokana na umbali uliopo baina ya maneno mawili. Msikilizaji hujua kwamba ahadi, kwa kawaida yake, ni nyepesi kuliko deni, naye huonywa asiichukue kwa wepesi huo. Methali ni hukumu ya kimaadili iliyojengwa juu ya tofauti ya kimsamiati.

Fauka ya hayo, kanuni ya uhasibu yenyewe humkaribia mwenye methali. Yakubali kwamba kampuni yaweza kufungwa pasipo mkataba wala sheria, ikiwa mazoea yake ya zamani au tangazo lake la wazi limewafanya watu wengine watazamie kwa haki kwamba itatenda jambo. Duka linalojulikana kwa kurudisha fedha za mteja asiyeridhika, hata pale ambapo sheria hailazimishi, huhesabiwa kuwa limejifunga. Hii ni ahadi iliyokuwa deni kwa sababu watu wameitegemea. Mzee wa Kibokoni angeuelewa msingi huo bila kusoma kanuni yoyote.

4. Lugha ya mapatano ya Mji wa Kale

Biashara ya Mombasa, kabla ya Kilindini kuwa bandari kuu, ilipita katika Bandari ya Kale upande wa mashariki wa kisiwa. Majahazi yaliingia na kaskazi na kuondoka na kusi. Fedha na bidhaa zilizotolewa katika msimu mmoja zilitazamiwa kurudi katika msimu mwingine, na baina ya misimu hiyo miwili palikuwa na bahari. Biashara ya namna hiyo haiwezi kwenda bila maneno yanayotenga kilicho mkononi na kilicho njiani, anayedaiwa na anayesimama nyuma yake.

Maneno mengi ya fani hii yalitoka katika Kiarabu cha sheria ya Kiislamu: deni, karadha, ahadi, sharti, dhamana, rehani, amana, hawala, dhima. Mengine yalitoka Bara Hindi, kama vile hundi na bima. Lakini asili ya neno haitoshi kulieleza. La maana zaidi kwa mwanaisimu ni jinsi neno linavyokaa katika sentensi, na hapa Kiswahili chatupa kipimo kizuri. Tutazame kila neno lachukua yambwa ya namna gani.

Deni lataka kiasi. Husemwa kwamba fulani ana deni la shilingi elfu, au anadaiwa elfu. Pasipo kiasi, walau cha kukisia, neno lapwaya.

Ahadi yataka kitendo. Mtu huahidi kuleta, kujenga, kununua. Hata asemapo kwamba ameahidi shilingi elfu, twaelewa kuwa ameahidi kuzitoa.

Dhamana yataka mtu. Kitenzi kudhamini hutafuta kiambishi cha mtu: nimemdhamini, amenidhamini. Nyuma ya neno hilo wamesimama watu watatu: mdai, mdaiwa na mdhamini. Akiondoka mmoja, dhamana haipo.

Rehani yataka kitu. Mtu huweka nyumba rehani, shamba rehani, mkufu rehani. Kitu hicho chajulikana kwa jina na mipaka, na mwenye kukopesha ana haki juu ya kitu chenyewe, wala si juu ya ahadi ya mtu tu.

Kwa hiyo kiasi, kitendo, mtu na kitu ndivyo vituo vinne ambavyo sarufi yenyewe imeviwekea maneno manne. Si lazima msemaji ajue sheria ili asikosee. Usikivu wake wa lugha wamtosha.

Palikuwa pia na mapatano yaliyochanganya vituo hivyo kwa makusudi. Mfano ulio mashuhuri katika mwambao ni bei ya khiyari. Mwenye nyumba aliyehitaji fedha alimuuzia mkopeshaji nyumba yake kwa sharti kwamba akirudisha thamani katika muda uliowekwa, nyumba itamrudia. Mara nyingi aliendelea kukaa humo akilipa kodi. Kwa sura, hii ilikuwa mauzo. Kwa kazi, ilikuwa mkopo wenye kitu nyuma yake, uliopangwa ili kukwepa riba. Mwenye kuandika hesabu za mkopeshaji angekuwa na taabu ya kweli: je, nyumba ni mali yake, au ana deni la kudai tu? Jibu lilitegemea tukio la baadaye, na neno khiyari, yaani hiari ya kurudia, lilikuwa limelitangaza tukio hilo ndani ya jina la mapatano.

Hundi nayo ni mfano unaofaa. Mfanyabiashara aliyeshika hundi ambayo siku yake haijafika aliweza kumpa mwingine na kupata fedha zake mapema. Lakini hakuwa amejitoa kabisa. Kama mlipaji angeshindwa siku ilipofika, aliyeihamisha angeweza kurudiwa. Katika daftari lake hapakuwa na deni, na bado hakuweza kulala kana kwamba jambo limekwisha. Hili ndilo jambo hasa ambalo hesabu za makampuni za leo hulitaja katika maelezo ya mwisho. Waliozishika hundi waliijua hali hiyo kabla ya kuwepo kwa kanuni namba 37.

Neno la mwisho katika fungu hili ni dhima. Kwa wasomaji wa jarida kama hili, dhima mara nyingi ni kazi au wajibu wa kitu, kama tusemapo dhima ya mhusika katika riwaya. Maana yake ya kisheria ni pana na ya zamani zaidi. Dhima ni ule uwezo wa mtu kubeba wajibu, mahali pasipoonekana ambapo madeni yake hukaa. Deni la mtu huwa katika dhima yake hata kama hana senti mfukoni. Yapasa tuitenge na dhamana, maana katika Kiarabu maneno hayo mawili yana mizizi tofauti na konsonanti tofauti, ila Kiswahili kimeziandika zote kwa dh. Vivyo hivyo tuitenge dhamana na thamani, ambayo wanafunzi wengi huichanganya kwa matamshi.

5. Kampuni iliyoondoka na wajibu uliobaki

Mtu aweza kusema kwamba maneno haya yalihusu watu na nyumba zao, wala si makampuni. Historia ya Mombasa yamjibu. Mwaka 1887 Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash, aliwapa Waingereza waliokuwa chini ya William Mackinnon haki ya kutawala na kukusanya ushuru katika sehemu ya pwani yake. Mwaka uliofuata, 1888, wakapata hati ya kifalme na kuwa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, yenye makao Mombasa. Kampuni hiyo ilijifunga kumlipa Sultani kutokana na ushuru. Pia ilibeba gharama ambazo haikuzipangia tangu mwanzo, hasa za Uganda, hadi ikaelemewa.

Mwaka 1895 ikarudisha mamlaka yake kwa malipo ya pauni 250,000. Kati ya hizo, pauni 200,000 zilitoka katika fedha za Sultani mwenyewe na 50,000 kwa Serikali ya Uingereza. Kampuni ikaondoka. Lakini wajibu wa kumlipa Sultani kwa ajili ya ukanda wa pwani haukuondoka nayo. Uliingia katika dhima ya Serikali ya Uingereza, ukaendelea kuamua hadhi ya Mombasa kisheria hadi mapatano ya Oktoba 1963, yaliyoiingiza pwani katika Kenya iliyokuwa karibu kupata uhuru. Kizazi kizima cha Mji wa Kale kiliishi chini ya ahadi iliyotiwa saini na kampuni ambayo hakikuiona. Basi si ajabu kwamba mji huu husikia kwa makini likitajwa jambo la bandari na mikataba.

6. Bandari, reli, na neno rehani

Turudi katika sentensi tuliyoanza nayo. Mwezi wa Mei 2014 Kenya ilitia saini mikataba ya mikopo na Benki ya Exim ya China kwa ajili ya reli mpya ya SGR kutoka Mombasa hadi Nairobi. Mikopo hiyo ilizidi dola bilioni 3. Tarehe 30 Septemba mwaka huo huo, Halmashauri ya Bandari ya Kenya, iliyoundwa mwaka 1978, iliingia mapatano na Shirika la Reli la Kenya. Kwa mapatano hayo Halmashauri ilijifunga kuipatia reli kiwango fulani cha chini cha mizigo. Mizigo ikipungua, ifidie upungufu huo kwa fedha. Reli ilifunguliwa mwisho wa Mei 2017.

Wakaguzi wa Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu walipozipitia hesabu za Halmashauri za mwaka ulioishia 30 Juni 2018, waliuliza kama jambo hilo limetangazwa ipasavyo. Barua yao ilivuja. Ilitaja kwamba mapato ya Halmashauri yangeweza kutumika kulipa deni la Serikali iwapo kiwango cha mizigo hakingefikiwa. Ilitaja pia kwamba kinga ya kidola, ambayo huzuia mali ya umma kukamatwa, ilikuwa imeachwa. Kutoka hapo neno rehani likaruka.

Tulitie neno hilo katika kipimo chetu. Halmashauri iliahidi kitendo, yaani kuleta mizigo. Iwapo kitendo kitapungua, hufuata kiasi, yaani fidia. Kwa hiyo ni ahadi, na nyuma yake pana deni linalotegemea tukio. Kwa upande wa mkopo wa Serikali, mapato ya Halmashauri yalisimama mahali panapofanana na pa mdhamini. Lakini je, pana kitu, gati fulani au kreni fulani, kilichotajwa na kufungwa kwa ajili ya mkopeshaji? Mwaka 2022 Deborah Brautigam wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzake walichapisha uchunguzi wa suala hili, wakafikia uamuzi kwamba bandari haikuwekwa rehani, na kwamba wakaguzi walikuwa wamevisoma vibaya baadhi ya vifungu. Mwezi wa Novemba mwaka huo, Serikali ilitoa hadharani sehemu ya mikataba ya mkopo.

Kwa hiyo, kwa maana yake ya kisheria, sentensi ya mwaka 2018 haikuwa sahihi. Lakini mwanaisimu hapaswi kukomea hapo na kuwacheka wasemaji. Neno rehani lina maisha mengine. Tunaposema kwamba mwanajeshi ameweka maisha yake rehani, hakuna mkopeshaji wala mkataba. Tunataka kusema kwamba ameyahatarisha kwa ajili ya jambo ambalo matokeo yake hayamo mikononi mwake. Kwa maana hii ya pili, sentensi ya mabarazani haikuwa upuuzi. Mapato ya bandari yalikuwa yameunganishwa na jambo ambalo bandari haikuwa na mamlaka nalo: kama wenye mizigo watapenda kusafiri kwa reli au kwa barabara.

Maana hizo mbili za neno moja zilifanya serikali na raia wasisikilizane. Serikali ilikana maana ya kwanza, na kwa maana hiyo ilikuwa na hoja. Raia waliendelea kuishikilia maana ya pili, na matukio yakawapa sababu. Tarehe 3 Agosti 2019 yalitolewa maagizo kwamba mizigo ya kwenda Nairobi na bara isafirishwe kwa reli. Ahadi iliyoandikwa mwaka 2014 ikawafikia madereva wa malori, wenye yadi za makontena, mama wauza chakula na wenye gereji. Watu wa Mombasa waliandamana. Novemba 2020 Mahakama Kuu ya Mombasa ilitamka kwamba maagizo hayo yalikuwa kinyume cha Katiba. Mnamo Septemba 2022 Rais William Ruto, siku ya kuapishwa kwake, alitangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zirudishwe bandarini Mombasa.

Hapa ndipo faida ya istilahi inapoonekana. Lau ripoti ya Halmashauri ya miaka ile ingekuwapo kwa Kiswahili fasaha, ikasema kwamba imeahidi kuleta mizigo kadha wa kadha, na kwamba ikipungukiwa itadaiwa kiasi fulani, mwenye lori angeuliza swali lililo sahihi mapema: mizigo hiyo itatoka wapi, na itamwondokea nani? Neno rehani lilimfanya aiogopee kreni. Neno ahadi lingemfanya aiogopee kazi yake, ambayo ndiyo iliyokuwa hatarini.

7. Mapendekezo

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, ripoti za mwaka za makampuni na za mashirika ya umma huandikwa kwa Kiingereza. Kwa upande mwingine, ibara ya 170 yaiwekea mipaka mahakama ya kadhi katika mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu. Kwa hiyo maneno ya mapatano tuliyoyataja hayana tena mahakama yake wala bado hayajapata ripoti yake. Yamebaki vinywani. Tunapendekeza yapewe kazi kama ifuatavyo.

Deni litumike kwa wajibu uliothibiti. Pale ambapo wajibu umethibiti lakini kiasi au wakati wake ni wa kukadiria, itumike deni la makisio. Neno makisio limekwisha kuzoeleka Kenya katika lugha ya bajeti.

Ahadi ya mkataba itumike kwa jambo ambalo kampuni imejifunga kulitenda na ambalo upande wa pili bado haujatimiza sehemu yake.

Dhamana ibaki kwa kusimama nyuma ya mdaiwa mwingine. Twajua kwamba neno hili limekwisha kubebeshwa pia dhamana ya mahabusu na dhamana za serikali zinazouzwa kwa wawekezaji, lakini muktadha hutosha kuzitenga.

Rehani ibanwe katika kitu kilichotajwa na kufungwa. Katika maandishi ya hesabu, maana yake ya sitiari iepukwe kabisa, ingawa hatuna haki wala uwezo wa kuizuia barazani.

Sasa twafikia jambo gumu zaidi: wajibu unaotegemea tukio. Mfasiri huvutwa na vishawishi viwili. Cha kwanza ni kusema deni la dharura. Hili halifai, maana dharura ni jambo la ghafla, ilhali kesi ya ukuta yaweza kukaa mahakamani miaka kumi bila ghafla yoyote. Cha pili ni kusema deni tarajiwa. Hili ni baya zaidi, kwa kuwa lapindua maana. Kinachotarajiwa ndicho kile ambacho kanuni yataka kiingizwe katika mizania. Kinachobaki katika maelezo ni kile kisichoelekea kutokea. Msomaji wa deni tarajiwa atadhani kwamba kampuni imekiri kushindwa katika kesi ambayo bado yaikana.

Tunapendekeza dhima yenye sharti. Dhima yafaa kwa sababu hubeba wajibu hata kabla ya kuwa na kiasi. Sharti lafaa kwa sababu ndilo neno la mapatano kwa jambo ambalo jingine hulitegemea. Tuliwahi kufikiria dhima ya sharti, lakini tuliiacha. Sharti pia ni lazima, kama katika sharti uje, na msomaji angeweza kuielewa kuwa ni dhima isiyoepukika, kinyume kabisa cha tunalolitaka. Kivumishi -enye huondoa utata huo: dhima ipo, nayo imefungiwa sharti. Kwa mfano huo huo, haki ambayo kampuni huenda ikaipata itaitwa mali yenye sharti.

Kuna pingamizi mbili tunazozitazamia. Ya kwanza ni ya wale watakaosema kwamba tunarudi mno katika Kiarabu. Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa Lamu mwaka 1927 na kufariki mwaka 2017, aliyetupa maneno kama runinga na ngamizi, alitufundisha kutafuta kwanza ndani ya lugha na lahaja zake kabla ya kukopa. Twakubali. Lakini dhima, dhamana na sharti haziko nje ya lugha. Zimetamkwa na vizazi vya mwambao na kuingia katika methali, ndoa na mirathi. Kuzitumia ni kutafuta ndani.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi: kwamba raia wa kawaida hatasoma maelezo ya hesabu kwa lugha yoyote. Huenda ni kweli kwa wengi. Lakini mwandishi wa gazeti atayasoma, kiongozi wa chama cha wafanyakazi atayasoma, diwani atayasoma, na imamu au mchungaji atayasikia kwao. Hao ndio wanaoyachagua maneno yatakayofika barazani. Mwaka 2018 walichagua rehani kwa sababu ndilo lililokuwa karibu.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kuzitenga dhima za kampuni si jambo geni kwa Kiswahili. Kiasi, kitendo, mtu na kitu vina maneno yake, na sarufi huyalinda maneno hayo kila siku bila msaada wetu. Kilichopungua ni waandishi wa istilahi kuisikiliza sarufi hiyo, na wenye ripoti kukubali kwamba wanaofungwa na ahadi zao wana haki ya kuzisoma.

Je, ahadi ni deni? Mhasibu atajibu kwamba bado, na atueleze ni lini. Wahenga watajibu kwamba ndiyo, na watuonye tusisubiri hadi siku hiyo. Kazi ya mtaalamu wa lugha ni kuhakikisha kwamba msomaji wa Mombasa anaposikia majibu hayo mawili, anajua ni lipi lililoandikwa katika mkataba.